Miungu wa kike wa Wakhmer: Kwa nini jiwe la miaka elfu moja linagombewa

JULAI 2024, Serikali ya Kambodia iliadhimisha jijini Phnom Penh mapokezi ya shehena ya sanamu na vitu vya kale vilivyorejeshwa kutoka ng'ambo. Miongoni mwa vitu hivyo zilikuwamo kazi 14 zilizokuwa zikimilikiwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Metropolitan la New York, nchini Marekani.

Mojawapo ya kazi hizo 14 ilikuwa sanamu ya jiwe la mchanga ya mungu wa kike aliyesimama, iliyochongwa katika karne ya 10 huko Koh Ker, mji uliopata kuwa makao makuu ya wafalme wa Wakhmer. Wataalamu wanamwona kuwa ni Uma, mke wa mungu Shiva, ingawa jina hilo hutajwa kwa tahadhari.

Msomaji anaweza kujiuliza: nchi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya watu wake ni wafuasi wa Buddha inamtaka wa nini mungu wa Kihindu? Na inakuwaje sanamu moja ya mwanamke wa jiwe iwashughulishe waendesha mashtaka, wanasheria na maofisa wa serikali mbili kwa miaka kadhaa?

Jibu halipatikani mahakamani peke yake. Ni lazima kuanza na jiwe lenyewe, na watu waliolichonga.

Dini iliyokuja na biashara

Dini ya Kihindu haikuingia Kambodia kwa upanga. Tangu karne za mwanzo baada ya kuzaliwa Kristo, wafanyabiashara na makuhani kutoka India walifika katika delta ya mto Mekong wakifuata pepo za msimu, kama wenzao walivyofika pwani ya Afrika Mashariki. Walileta bidhaa, maandishi ya Kisanskriti na simulizi za Shiva, Vishnu na wake zao.

Watawala wa Wakhmer walipendezwa na mengi katika hayo, wakayachukua na kuyafanya yao. Kufikia karne ya 7 mji wa Isanapura, ambao magofu yake leo huitwa Sambor Prei Kuk, ulikuwa umejaa mahekalu ya matofali. Mfalme Isanavarman wa Kwanza ndiye aliyeupa mji huo jina lake. Shirika la UNESCO liliyaingiza magofu hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017.

Huko Sambor Prei Kuk ndiko ilikopatikana mojawapo ya sanamu za kale zaidi na zilizo nzuri zaidi za mungu wa kike wa Wakhmer. Ni Durga, aliyemshinda zimwi mwenye umbo la nyati. Sanamu hiyo, iliyoko katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Kambodia, haina kichwa wala mikono. Hata hivyo kiuno kilichopinda kidogo na uzito wa mwili ulioegemea upande mmoja vinatosha kumfanya mtazamaji ahisi kwamba mwanamke yule alikuwa hai na kwamba alisimama kwa muda tu.

Simulizi yake ni ya Kihindu. Zimwi Mahisha aliwashinda miungu wote, akawafukuza mbinguni. Miungu wakakusanya ghadhabu yao, ikawa mwanamke, kila mmoja akampa silaha: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani cha vita, na wengine upinde, upanga na ngao. Ndiye aliyemuua zimwi. Wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam wanaoishi jirani na mahekalu ya Wahindu hawana haja ya kuelezwa sana, kwani ni Durga huyo huyo anayesherehekewa kwa ngoma na nyimbo katika usiku tisa wa Navratri.

Uma na Durga, kwa wafuasi wa Shiva, si wawili. Ni mmoja mwenye sura nyingi: Parvati, binti wa mlima, Gauri, mweupe, Durga, asiyekaribika. Mchongaji alimwonyesha yule aliyetakiwa na mwenye hekalu.

Mwili kutoka pande moja

Sanamu ya Kikhmer inatofautiana na nyingi za India kwa jambo moja kubwa. Katika mahekalu mengi ya India mungu huchongwa akiwa ameegemea ubao wa jiwe, hivyo mgongo wake hauonekani. Wakhmer walimtoa mungu kwenye ubao huo. Walimchonga kutoka pande moja la jiwe la mchanga, mbele, nyuma na ubavuni, asimame peke yake juu ya miguu yake.

Hatari ya kazi hiyo iko kwenye vifundo vya miguu. Mwili mzima wa jiwe hulemea sehemu mbili nyembamba. Wachongaji wa karne ya 7 mara nyingi waliwawekea miungu wa kiume tao la jiwe kuwazunguka ili mikono isivunjike. Kwa mwanamke kazi ilikuwa nyepesi kidogo, kwa kuwa vazi lake refu lilishuka hadi karibu na vifundo na kuyafanya mapaja na miguu kuwa nguzo moja nene.

Vazi hilo ndilo saa ya mtaalamu. Ni kitambaa cha kujifunga kiunoni, mithili ya kanga au kikoi, na kifua huachwa wazi kama ilivyokuwa desturi ya mahali na wakati ule. Katika karne ya 7 kitambaa ni laini, kinaushika mwili. Katika karne ya 10 kimejaa marinda yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na pindo la juu limekunjwa likaning'inia mbele ya tumbo. Mtu aliyezoea hutazama marinda na fundo la kiunoni, akataja kipindi kabla hajasoma kibao cha maelezo.

Shingoni mna mikunjo mitatu, alama ya uzuri. Masikio yana ndewe kubwa. Katika mitindo mingine, hasa ya karne ya 11, mchongaji hakuchonga mkufu wala bangili hata moja. Si kwamba mungu alikuwa maskini. Alivishwa dhahabu ya kweli na nguo za kweli, akavuliwa na kuvishwa tena kwa kufuata siku za ibada.

Jambo linalosumbua ni mikono. Mungu wa Kihindu hutambulika kwa alichoshika, na mikono ndiyo huvunjika kwanza. Aliyeshika ua la yungiyungi huenda ni Lakshmi, mke wa Vishnu. Aliyeshika silaha na kukanyaga kichwa cha nyati ni Durga. Jicho la tatu kwenye paji la uso humhusisha na Shiva. Mikono ikikatika na kitako kikipotea, anabaki mwanamke mwenye taji na utulivu wa ajabu, na jumba la makumbusho huandika tu: "mungu wa kike". Ndiyo maana Uma wa Koh Ker huitwa Uma kwa tahadhari.

Mama wa mfalme

Lipo jambo jingine ambalo picha haiwezi kulionyesha, nalo ndilo hasa linalowafanya Wakhmer wazungumzie sanamu hizi kama watu.

Mwaka 879 Mfalme Indravarman wa Kwanza alizindua hekalu la Preah Ko, lenye minara sita. Minara mitatu ya mbele iliwekwa kwa ajili ya wanaume: baba yake mfalme, babu yake mzaa mama, na Jayavarman wa Pili, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa dola ya Angkor. Minara mitatu ya nyuma iliwekwa kwa ajili ya wake zao. Wanaume waliabudiwa kwa sura ya Shiva, wanawake kwa sura ya mke wa Shiva.

Mwanawe, Yashovarman wa Kwanza, alifanya vivyo hivyo katika hekalu la Lolei mwaka 893 kwa ajili ya wazazi na wazee wake. Desturi haikufa hata dini ya wafalme ilipobadilika. Jayavarman wa Saba, aliyefuata dini ya Buddha, alizindua Ta Prohm mwaka 1186 na kumweka humo mama yake kwa sura ya Prajnaparamita, mungu wa kike wa hekima.

Kwa maneno mengine, mwanamke wa jiwe aliyesimama ndani ya mnara angeweza kuwa mungu na papo hapo kuwa mama au bibi ya mtu aliyeagiza achongwe. Maandishi yaliyochongwa mahekaluni huthibitisha uhusiano huo kwa Kisanskriti kilichopambwa sana. Kisha, mara nyingi, maandishi hubadilika na kuwa Kikhmer cha kawaida na kuorodhesha mali: mashamba ya mpunga, mifugo, vyombo na majina ya watumishi, mmoja baada ya mwingine.

Mali hiyo ilikuwa ya mungu. Si ya kuhani wala ya kijiji. Nadhani inafaa msomaji alikumbuke hili anapofika kwenye kesi za karne ya 21: kwa mujibu wa waliomchonga, sanamu haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa mwenye mali.

Chini yake palikuwa na kitako cha jiwe chenye mfereji na mdomo. Ulimi uliochongwa chini ya nyayo za sanamu uliingia katika tundu la kitako, kama fundi seremala anavyounga miguu ya meza. Kuhani alimwogesha mungu, maji yakatiririka kwenye mfereji na kutoka nje ya ukuta upande wa kaskazini, ambako waumini waliyapokea kama baraka.

Koh Ker

Mwaka 921 mtu aliyejiita Jayavarman wa Nne alianza kujijengea ngome yake mbali na Angkor, katika nyika kavu iliyoko leo katika mkoa wa Preah Vihear. Tangu 928 hadi 944 mahali hapo, ambapo maandishi ya kale hupaita Chok Gargyar na wakati mwingine Lingapura, palikuwa makao makuu ya dola. Kisha Rajendravarman wa Pili akarudi Angkor, na msitu ukaanza kurudi Koh Ker.

Katika miaka hiyo michache palijengwa piramidi ya ngazi saba yenye kimo cha mita 36 hivi, bwawa kubwa la maji na mahekalu kadhaa. Na sanamu zake hazikuwa na mfano wake. Wachongaji wa Koh Ker walichonga vitu vikubwa, tena vyenye mwendo: wapiganaji wawili wakirukiana kwa rungu, nyani wakishikana mieleka, Shiva akicheza ngoma. Kwa Wakhmer, waliozoea miungu iliyosimama wima kama askari wa gwaride, hayo yalikuwa mapinduzi.

Miungu wa kike wa Koh Ker hawakurukaruka. Walisimama, mabega mapana, nyuso pana zenye tabasamu dogo ambalo halijulikani linamtabasamia nani. Mtaalamu atasema ni utulivu wa kimungu. Mtu wa kawaida ataona mwanamke ambaye hababaiki.

Kilichoiponza Koh Ker ni umbali. Angkor ilifanyiwa kazi na wataalamu wa Kifaransa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ikawa na walinzi na njia. Koh Ker ilikuwa mbali, msitu mnene, na baadaye mabomu ya ardhini. Sanamu zake zilibaki mahali pake kwa muda mrefu kuliko nyingine, hadi walipofika watu waliojua bei yake.

Kutoka mkokoteni hadi mnadani

Wizi wenyewe ni wa zamani. Desemba 1923 kijana Mfaransa aitwaye André Malraux, pamoja na mkewe na rafiki yao, walikata kwa misumeno sanamu za wanawake wa mbinguni katika kuta za hekalu la Banteay Srei, lililozinduliwa mwaka 967. Walikamatwa na mzigo wao Phnom Penh. Julai 1924 Malraux alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Katika rufaa huko Saigon adhabu ilipunguzwa kuwa mwaka mmoja, nayo ikaahirishwa. Baadaye akawa mwandishi mashuhuri, na tangu 1959 hadi 1969 alikuwa Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa. Sanamu zilirudishwa ukutani, ambako zipo hadi leo.

Lakini wizi wa Malraux ulikuwa mchezo wa watoto ukilinganishwa na yaliyofuata. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1970. Khmer Rouge walitawala tangu 1975 hadi 1979 na kuua kati ya watu milioni 1.5 na milioni 2. Mapigano yaliendelea msituni hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika muda huo wote, magenge ya wanavijiji na wapiganaji yalichimba mahekalu usiku na mchana.

Njia ilikuwa moja. Sanamu iling'olewa kwa tindo, nyundo na kamba. Ilipokuwa nzito mno, ilikatwa kifundoni, miguu ikaachwa ndani ya kitako. Mkokoteni wa ng'ombe uliibeba hadi barabarani, lori likaipeleka mpaka wa Thailand, dalali akaipokea. Bangkok ilisafishwa na kuunganishwa, ikapewa karatasi. Kutoka hapo ilikwenda London au New York, na kila ilipobadilisha mikono bei ilipanda na habari za ilikotoka zikapungua.

Mtu aliyekaa katikati ya njia hiyo, kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Marekani, ni Douglas Latchford, Mwingereza aliyezaliwa Bombay mwaka 1931 na kuishi Bangkok kwa miongo mingi. Alikuwa mfanyabiashara, mkusanyaji na mtu aliyeheshimiwa. Mwaka 2004 alitoa pamoja na msomi Emma Bunker kitabu kikubwa cha picha kuhusu sanaa ya Wakhmer. Alilisaidia jumba la makumbusho la Phnom Penh kwa fedha na vitu, na mwaka 2008 Kambodia ilimtunuku nishani ya heshima.

Novemba 2019 alifunguliwa mashtaka New York ya kufanya biashara ya vitu vya kale vilivyoporwa na kughushi historia ya umiliki wake. Alikuwa mgonjwa, hakufika mahakamani. Alifariki dunia Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 88, na kesi ya jinai ikafutwa kwa sababu hiyo. Hakupata kutiwa hatiani, na enzi za uhai wake alizikana tuhuma hizo.

Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba binti yake amekubali kuikabidhi Kambodia hazina ya baba yake yenye vitu 125 vya Kikhmer. Oktoba 2021 nyaraka za siri zilizojulikana kama Pandora Papers zilifichua kuwa familia hiyo ilikuwa na trasti mbili katika kisiwa cha Jersey, moja ikiitwa kwa jina la Skanda na nyingine kwa jina la Siva. Hata trasti za kuhifadhia fedha zilipewa majina ya miungu.

Juni 2023 waendesha mashtaka walitangaza kuwa mirathi ya Latchford itasalimisha Dola za Marekani milioni 12 pamoja na sanamu moja ya shaba nyeusi ya karne ya 7. Ilikuwa ya Durga mwenye mikono minne, iliyoibwa Vietnam mwaka 2008.

Ushahidi wa miguu

Ugumu wa kesi hizi ni kuthibitisha. Mwenye sanamu husema aliinunua kwa nia njema. Nchi inayodai haina stakabadhi, kwa kuwa wezi hawaandikishi, na katika vita hata kumbukumbu za serikali ziliteketea. Je, jiwe lilitoka lini na wapi?

Kwa Koh Ker jibu lilitoka chini. Machi 2011 nyumba ya mnada ya Sotheby's ilikuwa tayari kuuza New York sanamu ya mpiganaji wa Koh Ker asiye na nyayo, kwa makadirio ya Dola milioni 2 hadi 3. Kambodia iliomba mnada usitishwe. Mtaalamu Mfaransa Eric Bourdonneau alikuwa ameonyesha kuwa sanamu hiyo inalingana na kitako kilichobaki katika hekalu la Prasat Chen kikiwa na nyayo zake. Mpiganaji alikuwa Duryodhana, na pembeni palikuwa na nyayo za adui yake, Bhima, ambaye naye alikuwa katika jumba moja la makumbusho huko California.

Aprili 2012 Serikali ya Marekani ilifungua shauri ili sanamu itwaliwe. Desemba 2013 pande zote zilikubaliana irudi, na Juni 2014 ilipokewa Phnom Penh pamoja na Bhima. Mwaka mmoja kabla, Metropolitan ilikuwa imekwisha kurudisha sanamu mbili za wahudumu waliopiga magoti, zilizotoka katika hekalu hilo hilo.

Shauri la Sotheby's lilifungua mlango. Hoja ya Kambodia ilikuwa kwamba tangu wakati wa ukoloni wa Kifaransa sheria ilizihesabu sanamu za mahekalu kuwa mali ya umma. Ikiwa ni hivyo, aliyechimba aliiba, na mnunuzi wa mali ya wizi hapati haki hata akinunua mara kumi. Aidha, mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya magendo ya mali za kitamaduni, ambao Kambodia iliuridhia mwaka 1972, uliwapa wanunuzi onyo ambalo wengi walijifanya hawakulisikia.

Aina ya pili ya ushahidi ilikuwa binadamu. Miaka michache iliyopita wachunguzi wa Kambodia, wakiongozwa na mwanasheria Mmarekani Bradley Gordon, walianza kuzungumza na mtu aliyefahamika kwa jina la siri la "Simba". Jina lake, Toek Tik, lilitangazwa baada ya kufariki dunia kwa saratani Novemba 2021. Alikuwa mpiganaji wa Khmer Rouge tangu utotoni, kisha kiongozi wa genge la wachimba mahekalu.

Toek Tik aliwarudisha wachunguzi msituni. Alionyesha shimo, akaeleza nini kilikuwa ndani, kilikaa vipi na kilivunjika wapi. Alipowekewa picha za makumbusho ya nje alizitambua sanamu moja baada ya nyingine. Kwa mujibu wa shauri lililofunguliwa New York Julai 2021, sanamu maarufu ya Skanda akiwa juu ya tausi ilichimbuliwa na genge la mporaji huyo katika hekalu la Prasat Krachap mwaka 1997. Skanda, kwa Wahindu, ni mwana wa Uma. Alirudishwa mwaka 2022 katika kundi la vitu 30.

Mtu anaweza kumlaumu Toek Tik, na yeye mwenyewe alijilaumu. Lakini kumbukumbu yake ndiyo iliyofanya kazi ambayo idara za uchunguzi wa historia za makumbusho tajiri hazikuifanya kwa miaka 30.

Desemba 2023 Metropolitan ilitangaza, kwa makubaliano na waendesha mashtaka, kwamba itarudisha kazi 14 Kambodia na mbili Thailand, zote zikihusishwa na Latchford. Ndimo alimokuwamo mungu wa kike wa Koh Ker. Kambodia imeitaka Metropolitan ieleze asili ya kazi nyingine kadhaa zinazobaki.

Wapo wanaopinga. Husema kwamba New York mamilioni waliiona sanamu hiyo, wakajifunza kuhusu Wakhmer, na kwamba kama isingeondolewa vita vingeivunja. Hoja ya kwanza ina uzito. Ya pili inasahau kwamba aliyeivunja mara nyingi ni yule aliyeiondoa, na kwamba soko la nje ndilo lililomlipa.

Mungu ambaye hajastaafu

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, la Wabuddha na mungu wa Kihindu, Mkhmer wa kawaida hauoni mgongano huo. Katika lango la magharibi la Angkor Wat imesimama sanamu kubwa ya Vishnu yenye mikono minane. Watu humwita Ta Reach, humvika kitambaa cha rangi, humchomea ubani na kumwomba msaada. Kwake ni babu mlinzi wa mahali, na asili yake ya Kihindu ni habari ya wasomi.

Miungu wa kike nao walibaki kwa njia hiyo. Katika Ba Phnom, mkoani Prey Veng, sanamu ya Durga aliyemuua nyati iliendelea kuabudiwa kwa jina la Me Sa, Mama Mweupe, karne nyingi baada ya mahekalu ya Shiva kuachwa. Mwanahistoria David Chandler ameandika kuwa huko palitolewa kafara ya binadamu hadi karne ya 19, na ya mwisho ilikuwa mwaka 1877. Baadaye ikawa nyati. Hivyo hivyo hekalu moja la kale mkoani Takeo linajulikana kwa jina la Neang Khmau, Bibi Mweusi.

Katika Jumba la Makumbusho la Taifa jijini Phnom Penh, jengo jekundu lililofunguliwa mwaka 1920, wageni wa kigeni hutembea na kamera zao. Wenyeji, hasa wanawake wazee, huja na maua ya yasmini, huyaweka miguuni pa sanamu na kuinamisha kichwa. Wahudumu huwauzia maua hayo mlemle ndani. Waziri wa Utamaduni, Phoeurng Sackona, amepata kulinganisha kurudi kwa sanamu na kurudi kwa roho za mababu, na wanaomsikiliza nchini mwake hawadhani kuwa anatumia tamathali.

Koh Ker yenyewe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia Septemba 2023. Sehemu ya mabomu ya ardhini imeondolewa na barabara imetengenezwa, na safari kutoka Siem Reap haizidi saa chache. Sanamu zilizorudi hazikai huko, kwa sababu ya usalama. Ziko Phnom Penh, na jumba hilo limeelemewa na wingi wake kiasi kwamba serikali imezungumzia kulipanua.

Mahekaluni, msituni, vimebaki vitako. Vingine vina tundu tupu la mraba lililojaa maji ya mvua na majani. Vingine bado vina nyayo mbili za jiwe zilizokatwa juu kidogo ya vidole, na wachunguzi wa Kambodia wanaendelea kuzipima na kuzipiga picha, wakizilinganisha na orodha za makumbusho na minada ya Ulaya na Marekani.